Délégué wa Nature Yote

Ijulikane kwa wote, wenye suruali na wenye kikwembe, ya kuwa mwaka ule wa uasi wa pili, wakati Mouvement ya waasi ilipokaa Beni na kututawala kwa faida yetu, mji wa Butembo ulipata bahati ambayo miji mikubwa ya dunia ingali inaingoja: ulipewa Délégué wa Nature.

Tangazo lilisomwa sokoni kwa kipaza sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza betri zilikuwa zimechoka. Lilisema kwamba tangu leo kila jambo la nature, bila kubagua, liko mikononi mwa Bwana Délégué Kalala Gustave, na ya kwamba raia wanaombwa kujipigia makofi. Raia wakajipigia makofi.

Mama Émérance Kanyere, mjane wa kartie Mususa, alipiga makofi nyuma ya kabeji zake, kisha akafanya alama ya msalaba. Tangu uhuru alikuwa ameshaona waasi wenye majani kichwani, askari waliowafukuza, na askari waliowafukuza hao askari, na wote walikuja na kipaza sauti.

"Nature njo nini, Florentine?" alimuuliza jirani yake, aliyekuwa akikaanga mayai kwa wapita njia huku mtoto wake mdogo, Abdias, akimshika kikwembe.

"Sijue, dada. Labda ni ugonjwa. Kama balichagua mukubwa wa kuiangalia, itakuwa ugonjwa."

Haki ya Serikali ielezwe, maana watu wana midomo. Huko Beni, Commissaire Urbain, mkubwa wa jimbo, aliona askari wake wanamaliza viboko vya ziwa upande wa Kyavinyonge na miti ya pori upande wa Mbau, tena bila kumletea yeye nyama wala mbao. Moyo wake ukauma juu ya viumbe vya Mungu. Akaamuru karani apige kwa mashine arrêté, yaani amri ya Serikali, ya kulinda pori na wanyama, vitu ambavyo kwa Kifaransa, vyote pamoja, vinaitwa *la nature*. Lakini utepe wa mashine ulikuwa mkavu, na kale kaneno kadogo ka *la* hakakuingia kwenye karatasi. Ilibaki nature peke yake. Na nature bila *la*, kwa Kifaransa, ni kama mbuzi bila kamba: inaingia shamba la kila mtu.

Bwana Kalala alikuwa mtu wa Kasaï, aliyetumwa kwetu kufundisha Kifaransa siku za mwanzo za uhuru, akasahaulika hapa. Miaka hiyo yote alichapa batoto betu kwa sababu ya *la* na *le*. Alipopokea ile arrêté alitafuta *la* juu, akaitafuta chini, akageuza karatasi. Mwalimu mwingine angerudisha kazi kwa masahihisho. Yeye alivua miwani, akaifuta polepole, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamsamehe mwanafunzi.

Mama Émérance hakuwa na shida na hayo. Alikuwa na jambo lake moja, nalo lilikuwa likikua kila wiki. Binti yake Léa alikuwa ameposwa na Kasonia, kijana anayeleta samaki kutoka Kyavinyonge, kijana mzuri, mwenye kunuka kidogo lakini mzuri. Padri alikuwa ameshatangaza ndoa yao kanisani. Ila Léa, aliyekuwa akipenda sombe, mboga ya majani ya muhogo, kuliko mtu yeyote, alianza kuikimbia sufuria akiziba pua, na mama yake, aliyezaa na kuzika, hakuhitaji daktari. Akamwambia neno moja: "Harusi ifanywe upesi." Léa akatazama chini, akasema, "Ndiyo, mama." Wakaliacha hapo. Katika parokia yao, bibi arusi mwenye tumbo haolewi kwenye misa kubwa, wala mama yake hashiki tena bendera ya Bamama Bakatoliki, bendera ambayo Émérance aliishika tangu mumewe azikwe. Basi ilibaki dot tu, yaani mahari. Baba wakubwa wa Léa, ndugu za marehemu, waliweka sharti: binti hatoki bila mbuzi.

Mbuzi wakaletwa. Walikuwa wazuri, wenye shingo nene, na mbele yao alitembea mjomba wa Kasonia, Bwana Mathe Apollinaire, amevaa koti wakati wa jua. Watu wakakaa kwenye uwanja wa Émérance, ndizi zikatolewa, hotuba zikaanza. Hapo wakaingia maajenti wa Biro ya Nature, na kofia za kijani ambazo rangi yake ilikuwa bado inawashukia masikioni.

"Hizi mbuzi ni za nini?" mmoja aliuliza.

Mathe alisimama. Alikuwa amesoma kidogo na hakupenda jambo hilo lisahaulike. "Ni dot, ndugu yangu. Siku hizi batoto ba mujini banalipa na franka. Mais sisi, famille ya Mathe, tuko batu ba heshima. Tunalipa en nature."

Kwa Kifaransa, kulipa kwa vitu badala ya franka ni kulipa *en nature*. Émérance aliwaona wale maajenti wakitazamana kama watu waliookota kitu njiani.

"En nature?" mmoja aliuliza, kwa upole sana.

"En nature," Mathe akarudia, kwa sauti zaidi, ili wakwe wasikie hadi nyuma.

Mbuzi wakatoka kwa kamba zile zile walizoingia nazo.

Baba mkubwa wa Léa, mzee ambaye hakupenda kusimama, alisema akiwa amekaa: "Sisi hatukuona dot. Tuliona matako ya mbuzi zikienda. Mama Léa, tunangoja."

"Muzee, uliziona zikiingia," alisema Mathe.

"Niliziona. Hata ndege ya Commissaire ninaionaka ikipita. Haijakuwa yangu."

Asubuhi Émérance alifunga kitambaa chake cheupe akaenda Biro ya Nature. Biro ilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya mzungu wa kahawa, yenye barza pana mbele na mikaratusi nyuma. Mbuzi wa Léa walifungwa kwenye nguzo za barza, wakila maua ya Serikali. Sekretere, Bwana Gérard, mtu mwembamba aliyeipenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama, na aliyependa pia nyama, alimwingiza ndani.

"Keti, mama," alisema Bwana Kalala. "Uko na shida ya nature gani?"

"Niko na shida ya mbuzi, Bwana Délégué. Ni za dot ya mutoto wangu. Harusi iko karibu."

"Mbuzi." Kalala aliunganisha vidole. "Mbuzi ni nature mara mbili, mama. Kwanza ni munyama. Halafu ilitolewa en nature. Ingekuwa munyama tu, ningefungua kamba mimi mwenyewe. Lakini mara mbili, écoute, mikono yangu imefungwa."

"Na miguu ya mbuzi pia," alisema Émérance.

"Ya mbuzi imelindwa."

"Jana mulibeba na ile nyeusi, yenye pembe moja. Siioni."

"Ile iliingia mu nature."

"Iliingia wapi?"

Gérard alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta mafuta mdomoni. "Mu nature, mama," alisema kwa heshima.

Émérance aliweka mikono juu ya magoti yake. Alikuwa mwanamke wa kungoja. Alikuwa amengoja mvua, amengoja waasi waondoke, amengoja mume apone na hakupona. Lakini tumbo halingoji. "Bwana Délégué, niko mujane. Ninaomba zile zimebaki."

"Juu ya nini haraka? Ndoa ni ya milele. Huwezi kuharakisha milele."

"Padri ameshatangaza."

"Atangaze tena. Na umwambie afike hapa, naye ana kesi. Siku ya Mungu batu banamuletea sadaka ya maharagi na ndizi pale altareni. Hiyo ni nini kama si en nature?"

Tangu hapo kazi ya Biro ilichanua. Florentine aliitwa kwa sababu ya kibao chake cha mayai, ambapo mtu fulani alikuwa amemwandikia *omelette nature*, maana yake yai tupu, lisilochanganywa na kitu. Alipewa onyo. Kwa woga akaanza kutia kitunguu katika kila yai, na wengine wakamfuata, na hadi leo Butembo mtu akiomba yai bila kitunguu anatazamwa. Mwanaume mmoja wa Kimemi, aliyempigia kelele mke wake, alijitetea kwa majirani kwamba ukali ni *nature* yake, yaani tabia aliyozaliwa nayo. Alilala kizuizini. Tokea siku ile wanaume wakali wa mji wetu wanaapa kwamba ukali wao ni wa kujifunza, tena kwa jasho. Na kwa kuwa mtu aliyekufa kwa uzee au kwa homa amekufa kifo *naturel*, hakuzikwa bila ruhusa. Familia ya babu mmoja wa Furu, aliyefia usingizini akitabasamu, ilibidi iape mbele ya mashahidi kwamba amelogwa. Ndipo wakaruhusiwa kuchimba, na wakapongezwa.

Émérance alikwenda Biro kila mara alipomaliza kuuza. Aliketi barzani na rozari yake, akiwatazama mbuzi wakipungua. Hakusema neno baya. Kalala alipopita alimsalimia, naye akaitikia, na mbuzi mmoja zaidi akawa hayupo.

Kisha kipaza sauti kilirudi sokoni. Betri zilikuwa mpya.

"Ijulikane," kilisema, "mtoto aliyezaliwa na mama asiyeolewa, kwa Kifaransa anaitwa *enfant naturel*. Kwa hiyo ni jambo la nature. Kila mama wa mtoto wa namna hiyo alete kuku Bironi kwa ajili ya kumwandikisha. Watoto wote naturel, waliozaliwa na watakaozaliwa, ni wa Délégué. Jipigieni makofi."

"Bote ni bake?" mama mmoja wa viazi alicheka. "Kumbe yule muzee eko na nguvu vile."

Soko lilicheka. Florentine hakucheka. Alimvuta Abdias karibu, akageuza yai lake, lenye kitunguu. Na Émérance, aliyekuwa akimkatia mteja kabeji, alikuta kisu kimesimama katikati.

Jioni Léa alikuwa ameketi jikoni, amefunga kikwembe juu zaidi kuliko zamani.

"Mama, Kasonia anasema tukimbie. Twende Kyavinyonge. Kule hakuna mutu ataniuliza."

"Na mutoto akizaliwa?"

"Atazaliwa tu."

"Atazaliwa bila ndoa, na ajenti mwenye kofia atamufuata hata mu mutumbwi. Hapana. Utatoka hapa kwa mulango, mchana, batu bakiona."

"Kama mbuzi zimekwisha?"

Émérance alikoroga sufuria. "Kula," alisema.

Siku iliyofuata alimkuta Kalala amesimama wima barzani, kidevu juu, mbele ya mchoraji aliyeletwa kutoka Beni. Commissaire Urbain alikuwa anakuja kufungua Biro rasmi, na Délégué alitaka picha yake ifunuliwe siku hiyo. Mchoraji alikuwa amemuuliza kama anataka picha ndogo au picha ya *grandeur nature*, ambayo maana yake ni ukubwa ule ule wa mtu mwenyewe, kichwa hadi viatu. Bwana Kalala alijua maana hiyo vizuri. Lakini aliposikia maneno hayo mawili yakitamkwa pamoja, karibu na jina lake, hakuweza kuyaacha yaende.

"Bwana Délégué," Émérance alianza.

"Kuanzia leo," Gérard alimsahihisha, "ni Grandeur Nature."

Émérance aliwaza. "Nilipokuwa mutoto, askofu alikuja kutupatia kipaimara. Yeye tulimuita Grandeur. Alikuwa na pete, tuliibusu."

Kalala alitazama kidole chake. Kilikuwa kitupu. "Gérard," alisema bila kusogeza kidevu, "andika: pete."

"Grandeur ni ya askofu, baba," alisema Émérance. "Mimi siwezi."

"Basi na mbuzi haziwezi kutoka," alisema Kalala.

Siku ya kufunua picha iliangukia siku ya tano, yaani Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya posho, Jumamosi, siku ya harusi ambayo hakuna aliyeiamini tena isipokuwa padri, kwa sababu hakuwa ameambiwa. Mji wote uliamriwa kuhudhuria. Bamama Bakatoliki walikaa mstari mmoja na kikwembe chao cha sare, Émérance katikati na bendera mkononi. Baba wakubwa wa Léa walikaa upande wa kivuli, kwa sababu ng'ombe alikuwa amefungwa upande huo kwa ajili ya karamu. Commissaire Urbain alikaa kwenye kiti chenye mikono. Watu walimkumbuka vizuri. Alikuwa komanda wa kambi hapa kwetu, akapanda cheo, akashuka Beni.

Shuka likaondolewa. Alionekana Kalala wa rangi, mrefu sawasawa na Kalala mwenyewe, na pete iliyo kubwa kidogo kuliko kidole. Makofi yalikuwa mengi kwa sababu askari walikuwa wengi.

"Mon Commissaire," Kalala alihutubia, "ulinipa kazi ndogo, nimekurudishia kubwa. Miti ni yangu. Viboko ni vyangu. Sadaka ni yangu. Maiti za heshima ni zangu. Hata tabia za watu hawa ni zangu. Na watoto wote naturel wa mji huu, bila kubagua hata mmoja, nasema mbele yako na mbele ya Mungu, ni wangu."

Commissaire alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ni hapo Mama Émérance alipompa mama wa kando yake bendera.

Alisimama. Alikuwa amewaza jambo hilo usiku kwa usiku, akitafuta njia nyingine, na hakuiona. Padri alikuwa pale. Bamama walikuwa pale. Kila mtu aliyewahi kununua kabeji yake alikuwa pale. Alinyosha kikwembe chake.

"Grandeur Nature," alisema, na neno hilo lilimtoka kama mfupa. "Mimi ni mujane Kanyere. Mutoto wangu Léa eko na mimba. Hajaolewa."

Kwenye mstari wa bamama, mmoja alisogeza kiti chake kidogo.

"Donc," Émérance aliendelea, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya chumvi, "ile mutoto ni naturel. Ninauliza kama ni wako."

Kalala alifurahi. Hatimaye raia walikuwa wanaelewa. "Kisheria, mama, ndiyo. Ni wangu."

"Aksanti. Baba bakubwa balisikia?"

Yule mzee asiyependa kusimama alisimama. "Tulisikia. Amesema mbele ya Commissaire na mbele ya Mungu. Kwetu, mwanaume akisema mimba ni yake, hatumufukuzi. Tunamupatia kiti. Mukwe, faini utaleta lini?"

"Faini gani?" Kalala aliuliza.

"Ya kuharibu mutoto wetu. Halafu dot. Hatuna haraka, hata kesho."

"Muzee, munakosa. Ni wangu kwa nature tu."

"Na kuko namna ingine?" mzee aliuliza.

Watu walianza kukohoa. Kisha Florentine akapita mbele na Abdias, aliyekuwa na kiazi mdomoni. "Grandeur, na huyu? Baba yake alisema anaenda kazi, atarudi. Anakula sana. Anapenda viazi." Nyuma yake aliinuka mama mwingine na mapacha. Halafu mwingine. Walitoka kila upande wa uwanja, na watoto wa jeshi la kwanza, watoto wa jeshi lililofukuza la kwanza, na wachanga kabisa, wa Mouvement yenyewe, ambao macho yao yalikuwa bado hayajaamua wafanane na nani. Mtoto mmoja aliitazama ile picha, akamtazama Kalala, akachagua picha, akaikumbatia mguu.

Mama Germaine, mke wa Délégué, aliyekuwa ameketi pembeni na mwavuli, aliuliza kwa utulivu: "Papa Gustave, bote?"

"Kisheria, Mama Germaine."

Germaine alifunga mwavuli. Alikunja na kiti, kwa sababu kilikuwa chake, akaenda nyumbani nacho.

Kalala alimkaribia Commissaire akamnong'oneza kwamba anaomba ruhusa, ana *besoin* ya nature. Ndivyo msomi anavyosema tumbo likimkamata. Akazunguka nyumba, akaingia kwenye mikaratusi. Tulingoja kwa adabu. Tuliendelea kungoja, adabu ikapungua. Mwishoni askari alitumwa, akarudi na pete.

"Mon Commissaire," alisema, "Délégué amepotea dans la nature."

Hivyo ndivyo Kifaransa kinavyosema mtu akitoroka asionekane tena.

Commissaire Urbain aliinuka, akapungia umati mkono, akaelekea kwenye jeep kwa hatua za mtu mwenye kazi nyingi Beni. Gérard alimkimbilia. Gérard hakuwa mbaya. Aliipenda tu sheria.

"Pardon, mon Commissaire. Kuko article ya mwisho. Délégué akikosekana, madaraka yake yote, faida na mizigo, inarudia kwa ule alimuchagua."

"Mupumbavu gani aliandika hiyo?"

"Ni sahihi yako, mon Commissaire."

Baba wakubwa walikuwa wameshafika kwenye mlango wa jeep. Mzee aliingiza mkono dirishani kumsalimia mkwe mpya. Commissaire aliangalia mkono ule, akaangalia askari wake, ambao walikuwa wakiangalia viatu vyao, na nyuma yao Abdias, ambaye alikuwa akimwangalia yeye.

"Mupatie huyu mama mbuzi zake," alisema upesi. "Zote."

"Zenye zimebaki," alisema Gérard.

"Na zile ziliingia mu nature?" mzee aliuliza.

"Mupatie na ile ng'ombe."

Émérance alishika kamba ya ng'ombe. "Mungu akubariki, baba. Kesho ni harusi. Kasonia anamuoa Léa. Karibu ukule."

"Kasonia ni nani?"

"Ni baba ya mutoto."

"Si ulisema mutoto ni wa Délégué?"

"Njo yeye alisema," Émérance alijibu. "Mimi niliuliza tu."

Harusi ilifanywa kwenye misa ya kwanza, altare ya pembeni, bila shela. Bendera ilishikwa na mama mwingine, ambaye aliishika vibaya. Émérance aliimba kutoka benchi la nyuma, sauti yake ikatosha, na machozi aliyafuta kabla ya ubarikio. Baba wakubwa walikula ng'ombe wakasema hawajawahi kupata mkwe mkarimu kama yule asiyeoa.

Baada ya karamu walimsindikiza Léa kwa miguu hadi kwa wakwe, upande wa Maboya, kwenye njia ya Beni. Mahali mji unapoishia palikuwa na barrière, kamba ya askari ya kufunga njia, na kwenye barrière palikuwa na jeep ya Commissaire. Ilikuwa imesimama tangu jana. Bamama wa watoto naturel walikuwa wameipanda pamoja na watoto wao, wakisema kwamba madaraka yakienda Beni na wao wanaenda Beni, na askari wa barrière alikuwa amemuuliza dereva anabeba nini. Dereva, mtu mkweli, alijibu: nature. Basi amri ilikuwa wazi. Kitu cha nature hakipiti bila Délégué mwenyewe kuja kukiona.

Commissaire Urbain alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya kamba. Abdias alikuwa amelala mapajani mwake, na masikio yao yalifanana sana, hata hapakuwa na haja ya kuandikisha mtu Bironi.

Askari alitazama msafara. "Hii ni nature?"

"Hapana," alisema Émérance. "Hii ni harusi."

Kamba ikashushwa. Léa akapita, mkono juu ya tumbo lake, hakulificha. Émérance alibaki nyuma kidogo, akafungua kikapu, akampa Commissaire nyama na ndizi kwenye jani.

"Délégué bado, baba?"

"Bado, mama," alisema Commissaire, kwa sauti ndogo, asimwamshe mtoto.